Kurasa Mbili za Restuta

Kwa miaka kumi na minne Restuta Sindayigaya alipiga chapa kanuni za michezo ya vyuo bila kuzisoma. Mwenyewe hakulificha jambo hilo. Alikuwa katibu muhtasi wa Chuo cha Ualimu Kabasharo, kilomita chache kutoka Rulenge, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote katika vyuo sita vya Ngara na Biharamulo, kamati ya michezo ya vyuo hivyo ilimfanya mwandishi wake. Kila mwaka, mwezi wa tatu, aliletewa karatasi za kalamu zilizojaa mishale na maneno yaliyokatwa. Aliziingiza kwenye kompyuta, akatoa nakala, akazibana, kisha akarudi kwenye barua za Mkuu wa Chuo. Michezo yenyewe haikumvutia. Alichopenda ni ukurasa safi, usio na kosa la herufi.

Alipoanza kazi hiyo kijitabu kilikuwa na kurasa tisa. Mwaka jana kilikuwa na kurasa sitini na nne. Kilinenepa kwa njia moja tu: chuo kilichoshindwa kilirudi kwenye kikao na kifungu kipya. Timu ya wavu iliyonyang'anywa pointi kwa kuchelewa ilileta kifungu cha kueleza maana ya kuchelewa. Walionufaika na pointi hizo wakaleta kifungu cha kueleza maana ya kufika. Kulikuwa na ukurasa mzima wa soksi. Kamati ilipitisha yote, maana kila mjumbe alijua kwamba zamu yake ya kuomba ingefika.

Restuta alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizaliwa Murusagamba, mama Mhangaza, baba mkimbizi kutoka Burundi aliyevuka zamani, akalima migomba yake, akazikwa katika migomba hiyo hiyo. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na alikuwa na kasoro moja ambayo wenzake walimtania nayo: uso wake haukujua kuficha kitu. Chakula kikiwa kibaya, mpishi aliona kabla hajaambiwa.

Michezo ya mwaka jana ilifanyika Biharamulo, uwanja wa Chuo cha Ufundi Rwamahuta. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Pancras, alikuwa makamu mkuu wa chuo hicho hicho. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, aliyependa kuanza sentensi zake kwa "kwa mujibu wa". Siku ya Jumamosi asubuhi Restuta aliketi chini ya turubai kwenye meza ya waamuzi, kompyuta mbele yake, printa pembeni, akisubiri matokeo ya fainali ya mita elfu moja na mia tano kwa wanawake.

Safari hii alitazama mbio, kwa sababu alikuwemo mtoto wa kwao. Josiane Nizigiyimana alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili Kabasharo, binti wa wakulima wa maharage wa kijiji cha mpakani, mwembamba, mkimya, mwenye mikono aliyoishusha chini sana akikimbia kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Mzunguko wa tatu alijitenga na kundi. Mmoja tu ndiye aliyemfuata, mwanamke wa jezi ya njano ya Rwamahuta, mwenye kovu refu juu ya goti.

Restuta alilitambua lile kovu. Mwaka juzi mwanamke huyo alikimbilia chuo kingine, kwa jina jingine, na ni Restuta aliyempelekea karatasi ya matokeo aisaini. Alifungua orodha ya washiriki kwenye kompyuta. Kweli, jina lilikuwa jipya, na mbele yake paliandikwa: kozi ya ushonaji, wiki sita.

Josiane alimaliza kwanza, akimwacha yule wa pili hatua ishirini nzuri. Alipiga magoti kwenye nyasi, akamwita mama yake kwa Kirundi, "Mawe!", kisha akacheka peke yake. Walimvisha medali. Wenzake walimbeba.

Baada ya kama nusu saa Bwana Pancras alikuja mezani, kidole chake kimeingia katikati ya kijitabu. Nyuma yake alikuwa Danstan, mkufunzi wa michezo wa Kabasharo, jasho linamtoka.

"Kwa mujibu wa kifungu cha ishirini na tatu, kifungu kidogo cha (c), aya ya nne," alisema Pancras, akasoma polepole: "Mwanamichezo mwenye asili ya kata zinazopakana na nchi jirani atawasilisha, pamoja na nyaraka zilizotajwa katika Kiambatisho F, barua ya mtendaji wa kata inayothibitisha makazi ya wazazi wake wote wawili, isipokuwa pale kamati itakapoona vinginevyo." Akafunga kijitabu. "Barua haipo."

"Mwenyekiti, huyu binti ana kitambulisho cha taifa," alisema Danstan. "Cha chuo anacho. Amesoma hapa hapa tangu darasa la kwanza."

"Naomba barua, mwalimu. Kitambulisho sijakiuliza."

"Mtendaji yuko zaidi ya kilomita mia kutoka hapa!"

"Basi kateni rufaa. Rufaa inapokelewa ndani ya dakika thelathini tangu mbio kumalizika." Aliangalia saa yake ya mkononi. "Lo. Zimeshapita."

Danstan alianza kupekua nakala yake kutafuta hicho kifungu. Kurasa zilikuwa bado zimegandana. Hakuwahi kuifungua.

Kilichofuata kilifanyika mbele ya watu wote. Josiane aliitwa. Pancras aliushika utepe wa medali kwa vidole viwili, akaupitisha juu ya kichwa cha binti, akatoa leso mfukoni na kuifuta ile medali, upande huu na upande ule, taratibu, kama kitu kilichookotwa kwenye matope. Kisha akamvika mwanamke wa jezi ya njano. Watu wa Rwamahuta walipiga makofi. Wengine walitazama miguu yao.

Restuta alihisi kitu kama mafuta yaliyoganda kikimpanda kooni.

"Madam, tuandikie basi," alisema Pancras kwa upole. "Nafasi ya kwanza, badilisha jina."

Aliandika. Vidole vilienda vyenyewe, na vikiwa vinaenda alikumbuka siku alipokipiga chapa kifungu cha ishirini na tatu, miaka sita nyuma. Ilikuwa mchana wa mvua. Alisimama mara moja tu, kusahihisha neno "mtendaji" lililokosewa herufi. Yeye, aliyezaliwa katika kata ya mpakani, ambaye baba yake asingepata barua hiyo hata angeishi miaka mia, alisahihisha herufi na kuendelea.

Mchana waamuzi walipewa pilau na nyama ya mbuzi. Restuta aliisogeza sahani yake. Aliwatazama wanakamati wakinyonya mifupa, mafuta yanawang'aa kidevuni, wakizungumza habari za usafiri, na hakuna hata mmoja aliyemtaja yule binti. Uso wake ulisema yote, ila hakuna aliyeutazama.

Walirudi jioni kwa basi dogo la chuo. Walipopita Nyakahura, Josiane alitoka viti vya nyuma akaja kukaa karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa. Mama, ile kanuni aliitunga nani?"

"Aliyeitunga sina hakika. Aliyeipiga chapa ni mimi."

Josiane alimgeukia. Hakukuwa na hasira usoni mwake, alikuwa anashangaa tu. "Ulipoipiga uliielewa?"

"Hapana."

"Mimi hata leo aliponisomea sikuielewa," alisema Josiane. "Niliona tu kwamba inanitaka mimi." Kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho mpaka Rulenge.

Jumatatu Restuta alikifungua kile kijitabu kwenye meza yake wakati wa mapumziko ya mchana, akaanza kukisoma kama mtu asiyekifahamu. Alisoma mapumziko yote ya wiki hiyo na ya wiki iliyofuata. Neno "mwanachuo" lilikuwa limeelezwa mara nne, na maelezo hayo manne hayakupatana. Ukurasa wa kumi na saba ulisema mchezaji awe amesoma mwaka mzima. Ukurasa wa arobaini na mbili ulisema mwanachuo ni pamoja na mtu yeyote aliyepokelewa katika kozi yoyote, ndefu au fupi, kwa siku yoyote. Kiambatisho F hakikuwahi kuwepo. Alikumbuka vizuri: mwaka ule aliuliza, akaambiwa kitaletwa. Kwa hiyo Josiane angeleta hata barua tano za mtendaji, bado angekosa nyaraka za kiambatisho ambacho hakuna mtu duniani aliyekiona.

Akachukua karatasi safi na kuanza kuziandika kanuni upya. Alitaka kila kanuni ieleweke kwa kusomwa mara moja. Kila alipomaliza kipande, alikipeleka getini kwa mlinzi, mzee Matiasi, aliyeishia darasa la saba na aliyekuwa msikilizaji mzuri.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisikilize."

"Marahaba, mama. Soma."

Alimsomea. Matiasi akiuliza swali, Restuta alirudi ofisini akaandika tena. Akitikisa kichwa kukubali, kanuni ilibaki. Siku moja, kwa kulinganisha, alimsomea ya zamani, ile ya barua ya mtendaji, yote mpaka mwisho.

Matiasi alikuna kidevu. "Hiyo barua nimeielewa. Ila hilo 'isipokuwa' la mwisho, ni la nani?"

"La nani kivipi?"

"Mtu hasemi isipokuwa bila kuwa na mtu wake anayetaka apite. Hilo liliwekwa apite nani?"

Restuta alirudi ofisini akiwa na swali hilo. Akaketi, akachora mstari chini ya kila "isipokuwa" ndani ya kijitabu. Zilikuwa thelathini na nane. Na kwa kuwa ndiye aliyezipiga chapa zote, na kwa kuwa karatasi zote za kalamu za miaka yote alikuwa amezihifadhi kwenye kabati la chuma, aliweza kuandika pembeni ya kila moja mwaka, chuo na mwandiko. Hii ilimpitisha mrusha mkuki wa Rwamahuta aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Hii ilikiruhusu chuo fulani kuchezesha madereva wake. Kumi na moja zilikuwa za mwandiko wa Pancras. Nne zilikuwa za mwandiko wa Danstan, na hizo aliziangalia kwa muda mrefu bila kujua zilimpitisha nani.

Kanuni zake mpya zilienea kurasa mbili. Mwanachuo ni mtu aliye katika kozi ya mwaka mmoja au zaidi, na anayehudhuria darasani muhula huo. Athibitishe kwa kitambulisho cha chuo na sahihi ya msimamizi wa darasa lake. Hakuna karatasi nyingine itakayodaiwa kwa mtu yeyote. Mwenye malalamiko ayalete kabla jua halijatua, na yasikilizwe na watu watatu wasio wa vyuo vinavyohusika. Matokeo yasibadilishwe kabla malalamiko hayajasikilizwa. Yaliyobaki yalikuwa ratiba, vipimo vya viwanja na namna ya kuwatibu wanaoumia. Soksi hakuzitaja.

Kikao cha mwaka huu kilikaa Ngara mjini, wajumbe saba kuzunguka meza ndefu, Restuta kwenye kona na daftari lake la kumbukumbu. Malalamiko yalikuwa yamezidi, na Pancras alifungua kikao kwa kukiri kwamba kanuni "zimekuwa na changamoto ya kueleweka". Dawa alikuwa nayo. Alipendekeza kutungwe kijitabu cha pili, Mwongozo wa Kufafanua Kanuni, ambacho kwa makadirio yake kisingezidi kurasa arobaini.

Wajumbe walianza kutikisa vichwa kukubali. Restuta aliacha kuandika. Aliangalia vichwa vile vinavyopanda na kushuka na mate yakamjaa mdomoni, kama mtu anayekaribia kutapika.

Rozalia, mkufunzi wa chuo cha mifugo, mwanamke wa makamo aliyeketi mkabala naye, aliuona uso huo. "Mwenyekiti," alisema, "mwandishi wetu ana neno."

"Mwandishi si mjumbe."

"Mjumbe ni mimi, na mimi naomba azungumze. Au kuna kifungu kinachokataza? Maana sikijui."

Hakuna aliyekijua. Restuta alisimama, akasoma kurasa zake mbili kwa sauti. Zilimchukua dakika saba.

"Kwa hiyo barua ya mtendaji imeondoka?" aliuliza Pancras.

"Imeondoka."

"Na suala la usalama je? Sisi tuko mpakani."

"Usalama wa nini, mwenyekiti? Wa mita elfu moja na mia tano?"

Mtu alikohoa. Pancras alitabasamu kwa upole wake. "Dada Restuta, tunathamini kazi yako. Lakini wewe ni mpiga chapa. Kanuni hizi zina historia, zina sababu ambazo wewe huwezi kuzijua."

"Sababu nazijua," alisema Restuta. "Karatasi zenu ninazo." Akatoa kijitabu chenye mistari, akaanza kusoma: ukurasa, mwaka, chuo, jina la aliyepitishwa. Alisoma bila kupandisha sauti, kama anayesoma majina ya waliofaulu. Alipofika ya tisa, wajumbe wawili walikuwa wameinamia simu zao. Alipofika ya kumi na nne, Danstan, mjumbe wa Kabasharo, alisema haraka, "Jamani, tusifukue mambo. Tupige kura."

"Naunga mkono," alisema mwingine. "Chakula nacho kimefika."

Hivyo ndivyo kurasa mbili zilivyopita, kura nne kwa mbili, bila Danstan kuinua mkono upande wowote. Restuta aliandika matokeo kwenye daftari na hakuhisi ushindi wowote. Alijua kwamba hakuna aliyeshawishika. Waliogopa ya kumi na tano, na harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa imeingia mlangoni. Aliomba pia matokeo ya Josiane yarudishwe. Walimjibu, wakiwa wamekwisha kusimama, kwamba kanuni mpya hazitazami nyuma. Wiki iliyofuata, kwenye kundi la simu la vyuo, ilisambazwa picha ya Pancras ameshika zile kurasa mbili, na chini yake maneno: Mwenyekiti arahisisha kanuni.

Michezo ya mwaka huu ilifanyika mwezi wa sita, Ngara. Josiane alikuwa karibu kumaliza chuo. Danstan alimbembeleza wiki mbili akimbie tena, binti akakataa. Mwishoni Restuta alimfuata bwenini.

"Sikulazimishi," alimwambia. "Nimekuja kukusomea tu." Akamsomea ukurasa wa kwanza.

Josiane alisikiliza. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Nimeyaelewa yote," alisema, kama anayelalamika. Kesho yake alionekana kiwanjani anakimbia.

Siku ya fainali mwanamke wa jezi ya njano hakuwepo. Josiane aliongoza mizunguko miwili, kisha binti mfupi wa chuo cha mifugo, mwanafunzi wa kweli mwenye msimamizi wa darasa wa kweli, akampita kwenye kona ya mwisho na kumshinda kwa hatua tatu. Restuta alisimama mezani, mkono mdomoni. Josiane aliinama, akashika magoti, akavuta pumzi. Halafu akaenda kumuuliza yule binti jina lake na anakotoka, wakakaa kwenye nyasi, wakanywa maji ya chupa moja. Hakuna aliyekuja na kidole ndani ya kijitabu. Kwa muda wa kama robo saa Restuta alifurahi kabisa, furaha ambayo hakuwahi kuitarajia kutoka kwenye michezo.

Jioni hiyo hiyo lilikuja la mpira wa miguu. Kabasharo ilikuwa icheze nusu fainali, na Rozalia, akiwa mmoja wa wale watatu wa kusikiliza malalamiko, aliomba sahihi za wasimamizi wa madarasa. Za wachezaji tisa zilikuwepo. Za wawili, mlinda mlango na mshambuliaji aliyefunga magoli yote, hazikuwepo. Mlinda mlango alikuwa fundi pikipiki wa Bugarama. Mshambuliaji alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu nyuma na sasa anafundisha shule ya msingi. Jezi za Kabasharo walikuwa wamezivaa misimu minne.

Restuta alimtafuta Danstan, akamkuta nyuma ya vyoo vya uwanja.

"Mwalimu. Zile nne zenye mwandiko wako. Ndizo za hawa?"

Danstan alishusha pumzi. "Dada, kila chuo kinafanya."

"Siku ile ulimtetea Josiane ukatokwa jasho."

"Nilimtetea, ndiyo."

"Na kumbe mamluki unao mwenyewe."

"Sasa ningefanyaje? Nikipeleka watoto watupu dhidi ya watu wazima wa Rwamahuta?" Alimwangalia kama anayetarajia kueleweka. "Ungeniambia mapema kwamba zile kurasa zinatugusa na sisi, ningekushauri."

Restuta alimtazama mkufunzi huyu ambaye walisali naye kanisa moja, ambaye mke wake alimletea uji alipofiwa. Alitamani kumtemea mate miguuni. Badala yake aligeuka akaenda, na njia nzima mpaka mezani alijifuta viganja kwenye sketi.

Kabasharo ilitolewa. Rwamahuta, iliyokuwa imeleta timu ya wanachuo watupu, ilifungwa mabao matano, na Pancras alipigwa picha akiwakumbatia wachezaji wake, akasema haki imetendeka.

Jumatano Mkuu wa Chuo alimwita Restuta ofisini. Alikuwa mtu wa heshima, na alianza kwa heshima.

"Mama Restuta, umefanya kazi hapa miaka mingi."

"Ndiyo, mkuu."

"Umetuumbua."

Restuta aliangalia karatasi tupu iliyokuwa mezani.

"Wanachuo wanacheka. Wazazi wanapiga simu. Nimeulizwa kama nilijua." Hakusema kama alijua. Alisogeza karatasi mbele. "Nataka uandike barua kwa kamati. Sema kwamba kanuni ulizoandaa zilikuwa rasimu tu, kwamba zilikuwa na utata, na kwamba unajutia usumbufu. Mimi nitasaini kando yako. Mambo yataisha kistaarabu."

"Utata uko wapi, mkuu?"

"Mama, usinilazimishe."

"Nauliza tu. Mzee Matiasi wa getini amezielewa."

Mkuu wa Chuo alivua miwani, akaisugua, akaivaa. Alionekana mchovu kuliko mkali. Alisema anampa mpaka saa nane mchana.

Saa nane Restuta alileta barua. Ilikuwa na sentensi moja, isiyo na kosa la herufi: Kanuni nilizoandaa zilisomwa, zikaeleweka, zikafuatwa. Chini yake jina na sahihi. Mkuu wa Chuo aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya droo, hakuipeleka popote.

Mwanzoni mwa muhula uliofuata Restuta alihamishiwa stoo. Alikabidhiwa funguo za chumba kirefu nyuma ya jiko, chenye rimu za karatasi, katoni za chaki, fagio, majembe na vifaa vya michezo. Kazi ya kupiga chapa kwa ajili ya kamati walipewa vijana wawili wa Rwamahuta. Walimu waliokuwa wakimsalimia kwa utani walianza kumsalimia kwa haraka. Mpishi Secilia peke yake ndiye aliyeendelea kuja kukaa naye mlangoni, akimenya viazi. Josiane alipangiwa kufundisha Biharamulo. Alimpigia simu siku ya kwanza ya kazi, akamwambia darasa lake lina watoto themanini na kwamba anakimbia kila asubuhi kabla ya shule, na ng'ombe wa watu wanamshangaa.

Danstan alikaa zaidi ya mwezi bila kukanyaga stoo. Alituma wanachuo. Lakini kuchukua mipira mipya kulihitaji sahihi ya mkufunzi mwenyewe, na siku moja asubuhi akaja, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Habari za asubuhi, dada Restuta."

"Nzuri."

Alimtolea mipira minne na pampu, akavipanga mezani, akafungua daftari la stoo. Danstan hakuishika kalamu.

"Mke wangu anakuulizia," alisema. "Hata kanisani umehama benchi. Hivi hizi hasira zitaisha lini?"

"Hasira ziliisha siku ile ile," alisema Restuta, akilisogeza daftari karibu naye. "Hiki ni kinyaa, mwalimu. Saini hapa."

Alisaini. Akaichukua mipira, miwili kila kwapa, pampu akaibana kwa kidevu, akatoka akipita jikoni kwa hatua fupi, akijitahidi isianguke.